Plagi za Gari la Kwaheri

Gari liliingia gereji likisukumwa na wanaume wanne wasiojuana. Kwenye usukani alikuwa Mwalimu, kitambaa cha kichwa kimemlegea upande mmoja. Kiti cha nyuma alikaa mama mkwe wake, blanketi limempanda hadi kidevuni, shavu limeegemea kioo. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili.

Fundi Tochi alikuwa chini ya lori dogo, kwa hiyo gari alilitambua kwa magurudumu. Alifumba macho kidogo, kama mtu anayeamshwa na usingizi wake haujaisha. Kisha akajivuta nje kwa viwiko, akasimama kwa awamu: kwanza magoti, halafu mkono kwenye bampa, halafu mgongo, ambao siku hizi ulikuwa wa mwisho kukubali. Miaka thelathini na mmoja ya kufanya kazi na tochi mdomoni ilimpa jina na ikampa pia taya lililopinda kidogo kushoto.

"Poleni," alisema. "Limezima wapi?"

"Kwenye mzunguko, shemeji. Katikati kabisa." Mwalimu hakushuka. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Lilianza kutetemeka tangu tulipotoka hospitali. Nikajiambia litafika. Halikufika."

"Pole, Mama," Tochi aliinama dirishani.

"Nishapoa, mwanangu," Mama alijibu bila kufumbua macho. "Nimesukumwa kama bibi harusi."

Mama alikuwa na maradhi ya figo. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne, na kila alipotoka pale alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Aliyempeleka na kumrudisha ni mkwe wake huyu. Asubuhi alifundisha hesabu watoto hamsini na kitu. Mchana aligeuka dereva. Mumewe, mdogo wake Tochi, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Moyo ulisimama tu, akiwa anafunga boneti ya gari la mteja, mahali pale pale ambapo sasa gari lake mwenyewe lilikuwa limesimama.

Marehemu walimwita Kwaheri, kwa sababu akikupita barabarani hilo ndilo neno pekee ulilowahi kusema. Gari lilikuwa lake, la turbo, la zamani lakini lenye roho. Kutoka kiwandani lilikuwa na nguvu za kumtosha mtu yeyote mwenye akili zake. Kwaheri hakuridhika. Alifunga valvu ndogo ya shaba iliyoiruhusu turbo kushindilia hewa zaidi, akaibadilisha kompyuta ya injini ili imwage petroli nyingi kulingana na hewa hiyo, na akatia plagi za baridi. Baada ya hapo alikuwa akipanda ule mlima wa barabara ya pembeni kama mtu aliyesahau jiko likiwaka.

Tochi alimtafutia Mama gari la jirani limrudishe nyumbani. Mwalimu akamwingiza, akamfunga mkanda, akampa jirani maelekezo ya ngazi na ya mlango, kisha akabaki. Tochi akafungua boneti. Akang'oa koili nne zinazozipelekea plagi umeme, akaingiza spana ndefu, akazitoa plagi moja moja na kuzipanga kwenye kitambaa.

Zote zilikuwa nyeusi. Si weusi wa mafuta unaong'aa. Weusi mkavu, wa masizi, kama utambi wa taa iliyowashwa juu mno. Aliipitisha ya tatu kwenye kidole gumba, ikaacha alama.

"Ulizitia mpya mwezi uliopita," Mwalimu alisema. Hakusema kwa lawama. Alikuwa amechoka hata kulaumu.

"Nilizitia."

"Ni feki?"

"Hapana. Ni nzuri." Aliigeuza plagi kwenye mwanga. Mara zote mbili alikuwa amenunua namba ile ile aliyoichagua Kwaheri, bila kufikiri, kama unavyoandika jina lako. Sasa akauliza swali ambalo fundi yeyote mgeni angeliuliza siku ya kwanza. "Shemeji, ukifika hospitali unalizima gari?"

"Nalizima. Naliwasha tena kabla Mama hajatoka."

"Kabla kwa muda gani?"

"Nusu saa. Saa nyingine zaidi, wakichelewa kumfungua." Alijibu kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana. "Akitoka kwenye ile mashine anatetemeka, shemeji. Meno yanagongana. Nawasha hita, nafunga vioo, akiingia anakuta pameshakuwa na joto. Halafu tunakaa kidogo mpaka midomo yake irudiwe na rangi. Ndipo tunaondoka, polepole, maana akitikiswa anatapika."

Tochi aliirudisha plagi kwenye kitambaa. Plagi zilikuwa zimeshamwambia nusu ya hayo: injini inayonguruma ikiwa imesimama, safari fupi, mguu mwepesi. Ila hazikumwambia kuhusu midomo. Miaka miwili alidhani anajua jinsi mama yake anavyokwenda hospitali.

"Niachie mpaka keshokutwa asubuhi," alisema.

*

Watu hudhani plagi ni plagi, inatoa cheche basi. Lakini kuna za moto na kuna za baridi, na tofauti si cheche. Ni namna zinavyokaa na joto. Plagi ya baridi hulipitisha joto haraka likatoka. Hiyo inafaa injini inayochapwa, maana turbo ikishindilia hewa ndani ya silinda, moto wake si wa kuchezea. Plagi ya moto hukaa na joto lake, ikaunguza masizi yanayojibandika kwenye ncha. Hiyo ni ya gari la mwendo wa kistaarabu. Ukilitia ya baridi gari linalotembea polepole, masizi yanaifunika mpaka cheche ikose pa kurukia. Ukiipa ya moto injini inayochapwa, ncha inawaka kama kaa, petroli inalipuka kabla ya zamu yake, na siku moja pistoni inatoboka.

Kwaheri alichagua sawasawa. Alichagua kwa ajili ya Kwaheri.

Jumatano Tochi alikwenda duka la vipuri la mtu aliyeitwa Orijino. Jina lilitokana na kiapo chake, kwa kuwa hapakuwa na kitu dukani mle ambacho hakukiapia kuwa orijino, hata ufagio.

"Turbo?" Orijino alisema kabla hajaambiwa lolote zaidi. "Turbo ni baridi. Usiniulize mara mbili. Hizi hapa, namba tisa, orijino, ncha nyembamba kama sindano."

"Nataka sita. Za moto."

"Sita ni ya gari la bibi kwenda sokoni."

"Ni gari la bibi kwenda hospitali."

Orijino aliingia nyuma ya rafu bila kuapa, jambo la nadra. Alirudi na maboksi mawili tofauti ya namba sita. Tochi alivaa miwani. Kwenye boksi la kwanza maandishi kwenye kauri nyeupe ya plagi yalifutika alipoyasugua kwa kucha, na ncha ya chini haikukaa katikati. Akalirudisha bila neno. Orijino akalipokea bila neno, akaliweka chini ya meza mahali ambapo, bila shaka, lingemsubiri mteja asiye na miwani. La pili lilikuwa safi. Tochi alitoa kipimo chake cha bati nyembamba, akapima mwanya wa kila plagi. Turbo haipendi mwanya mpana; hewa iliyoshindiliwa huizima cheche kama upepo unavyozima kiberiti. Tatu zilikuwa sawa. Ya nne aliibana kidogo, kwa upole, kama unavyosahihisha kola ya mtoto.

"Ndugu yako," Orijino alisema ghafla, "alikuwa anasimama hapo hapo ulipo. Anachagua plagi saa nzima. Mke wangu alikuwa anasema huyu ananunua pete."

Tochi akavua miwani. "Nifungie," alisema.

Alipofika gereji alikaa kwenye tairi kuukuu akaziangalia plagi mpya na ile valvu ya shaba. Alijua kanuni. Ukitia namba sita, lazima uitoe valvu na uirudishe kompyuta ya kiwandani, ile iliyokuwa juu ya rafu, imefungwa kwenye gazeti kwa mkono wa Kwaheri. Kufanya hivyo ni kazi ya saa mbili. Lakini kulikuwa na kazi nyingine kabla yake: kumwambia Mwalimu. Kumwambia nakivunja kile alichokijenga mumeo, skrubu kwa skrubu.

Mgongo ulimuuma. Lori dogo lilimsubiri, na mwenye lori alikuwa amepiga simu mara tatu. Akajiambia: huyu mwanamke haendeshi kwa kasi. Hatabonyeza. Turbo haitaamka hata mara moja kwa wiki. Ukweli ni kwamba hakuwa na nguvu ya kusimama mbele ya uso wa mtu na kusema sentensi hiyo. Alizitia plagi mpya, akazirudisha koili mahali pake, akaiacha valvu ilivyo.

Injini iliwaka kwa mguso wa kwanza na kutulia kama paka. Alijisikia vibaya kwa jinsi ilivyotulia.

*

Alhamisi saa tano asubuhi alilitoa gari kulijaribu kabla ya kulipeleka. Mtaani lilikwenda vizuri. Kwenye mzunguko lilikwenda vizuri. Akaingia barabara ya pembeni, akaanza kupanda mlima nyuma ya lori la mchanga lililokuwa likitambaa na kumwaga vumbi. Barabara ya mbele ikawa tupu. Akashusha gia na kubonyeza, kama dereva yeyote angebonyeza.

Turbo ikapuliza. Gari likamsukuma kitini. Na hapo hapo, chini ya mlio wa injini, akaisikia: mlio mkavu, wa haraka, kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo.

Aliuinua mguu kana kwamba amekanyaga msumari. Akarudi nyuma ya lori, akaingia pembeni, akazima. Mlio ule alikuwa amewaeleza mafundi wanafunzi kwa miaka: petroli inawaka kabla ya wakati, pistoni inapigwa nyundo wakati bado inapanda. Ukiusikia mara moja, shukuru. Ukiendelea kwa dakika nzima juu ya mlima, injini haitakupa nafasi ya kutubu.

Na je, Mwalimu angejua? Siku moja atachelewa shuleni. Mama atakuwa anasubiriwa kwenye mashine. Atakuta lori la mchanga, ataangalia saa, atabonyeza. Katikati ya kupita lori, injini itakatika, na Mama akiwa kiti cha nyuma.

Alikaa pale mpaka injini ikapoa. Kisha akashuka mlima kwa gia kubwa, mguu ukiwa kama unyoya, moja kwa moja hadi nyumbani kwa marehemu.

Mwalimu alikuwa sebuleni, amepiga magoti, anamvalisha Mama soksi. Begi la hospitali lilikuwa tayari kando ya mlango: blanketi, ndala, chupa ya maji yenye mstari wa kalamu kuonyesha mwisho wa kunywa. Tochi alisimama mlangoni, akasema yote bila kukaa. Masizi, joto, namba sita na namba tisa, valvu. Akasema pia kwamba jana alijua na hakufanya.

Mwalimu alimaliza soksi ya pili. Alisimama taratibu.

"Kwa hiyo unataka kuvitoa."

"Lazima, shemeji. Au nikurudishie plagi zake, na utazimikiwa tena kwenye mzunguko."

"Sawa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mashati yake walikuja kuyachukua wiki ya kwanza. Wakasema ndivyo inavyofaa, yasikae yakanitia majonzi. Laini yake ya simu ilifungwa. Nilikuwa naipiga nisikie sauti yake ikisema hayupo. Viatu sijui viko miguuni mwa nani. Nimebaki na gari. Siku nyingine nikiwa peke yangu barabarani, nikibonyeza kidogo tu, linavuta, na ninamsikia. Sasa na hilo umelijia."

"Shemeji..."

"Wewe unajua kuondoa, shemeji. Miaka miwili, mara tatu kwa wiki. Umewahi kuliona lango la ile hospitali? Liko rangi gani?"

Tochi hakulijua. Kila Mwalimu alipolileta gari, yeye alilitengeneza na hakudai kitu, na moyoni aliuhesabu huo kuwa mchango wake kwa mama yake. Tena alikuwa akijiona amechangia sana. Sasa alisimama kwenye kizingiti, mafuta kwenye kucha.

"Ni la kijivu," Mama alisema kutoka kwenye kochi. "Limechubuka. Hakuna cha kuona." Akamnyooshea Mwalimu mkono ili anyanyuliwe. "Twendeni na gari la jirani. Mashine haijui ugomvi wenu."

*

Ijumaa mchana, gari likiwa limerudishwa gereji, Tochi alikuwa anakula mkate kwa mkono mmoja na kushika spana kwa mwingine, alipomwona Mwalimu anaingia gereji kwa miguu. Alikuwa amemshika Mama mkono. Mama alikuwa amevaa miwani ya jua ya marehemu mwanawe, kubwa mno kwa uso wake.

"Amekataa kubaki," Mwalimu alisema.

"Nimekataa kubaki," Mama alithibitisha.

Mwalimu alitazama gari, si Tochi. "Nilisema maneno makali jana."

"Yalikuwa ya kweli."

"Yalikuwa makali na ya kweli. Sikiliza, shemeji. Nimefikiri. Siwezi kusukumwa tena pale kwenye mzunguko huku Mama anatetemeka na watu wanapiga honi. Vitoe. Lakini kabla hujavitoa, nataka kuliendesha. Kama alivyokuwa analiendesha. Kupanda ule mlima. Mara moja."

Tochi aliuangalia mkate, akauweka chini. Angeweza kusema hapana. Sababu zilikuwa tele, na nyingine zilikuwa za maana. Badala yake akaingia ndani, akazichukua zile plagi nne nyeusi za namba tisa kutoka kwenye kopo alilozitupia.

Alizisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, akaziosha kwa petroli, akazikausha kwa upepo wa kompresa. Akazitoa za namba sita, akazirudisha hizi. Injini ilipowaka ilikuwa inakohoa na kuyumba. Silinda moja ilikuwa bado imelala.

"Limerudi kule kule," Mwalimu alisema, uso umemwanguka.

"Hizi zinataka moto ndipo ziamke. Lipe moto. Mimi nitasikiliza."

Alikaa kiti cha mbele. Mama alikaa nyuma, mkanda umefungwa, mikono kwenye magoti kama mtoto anayesubiri pembea. Barabara ya pembeni saa nane mchana huwa tupu. Chini ya mlima Mwalimu alisimamisha gari, akafuta viganja kwenye sketi.

"Gia ya pili," Tochi alisema. "Usilionee huruma."

Akabonyeza.

Kwanza gari lilijikwaa mara mbili, tatu, na moshi mweusi ukatoka nyuma. Mwalimu akataka kuachia. "Usiachie!" Tochi akasema. Kisha kitu kikafunguka. Masizi yakaungua, silinda ya nne ikaingia kazini, na injini ikaacha kulalamika na kuanza kuimba. Turbo ilipuliza kwa mluzi mwembamba. Miti ya kando ikawa ukuta. Mwalimu akatia gia ya tatu kwa wakati wake hasa, bila kufundishwa, na gari likaruka mbele tena. Tochi alikuwa ametega sikio kutafuta kokoto ndani ya kopo. Hapakuwa na kokoto. Palikuwa na mlio mzito, safi, uliopangiliwa, kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Hakuwahi kumwambia mdogo wake kwamba ilikuwa kazi nzuri. Alikuwa anamwambia atakuja kufa barabarani.

Kutoka nyuma ikaja sauti. Aligeuka kwa hofu. Mama alikuwa anacheka, miwani imemshuka hadi puani.

"Muongo mkubwa!" Mama alisema. "Aliniapia! Aliniambia, Mama, mimi hamsini sivuki! Muongo mkubwa mtoto yule!"

Juu ya mlima Mwalimu alipunguza mwendo, akaingia pembeni, akasimama. Hakulizima. Aliweka paji la uso kwenye usukani, na mabega yakaanza kumtikisika, na Tochi hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka alipoinua uso na kukuta ni vyote viwili. Mama alimgusa bega kutoka nyuma, akauacha mkono pale. Walikaa hivyo. Lori moja lilipita, likapiga honi ya salamu.

"Basi," Mwalimu alisema hatimaye, akijifuta kwa kitambaa chake. "Imetosha. Kavitoe."

Alishuka mlima polepole sana.

Gereji, Mama alipewa kiti chenye mto, na Mwalimu akakaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, kilichoegemezwa ukutani. Tochi alipogeuka kuchukua bisibisi ya nyota alimkuta amelala. Kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, kalamu nyekundu ya kusahihishia bado imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa amelala kama watu wanavyozimia. Tochi alikwenda kwa fundi wa bodi aliyekuwa akigonga bati upande wa pili.

"Acha kugonga."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aamke."

Fundi wa bodi alichungulia, akaona, akaweka nyundo chini na kwenda kutafuta chai.

Kwa hiyo Tochi alifanya kazi katika gereji iliyonyamaza. Aliifungua valvu ya shaba, akauunganisha mpira wa zamani moja kwa moja. Akalifungua gazeti, akaitoa kompyuta ya kiwandani, akaibadilisha. Akazitia plagi za namba sita kwa mkono kwanza mpaka zikakaa, kisha akazikaza kwa spana, si sana. Uzi wa alumini kwenye tundu la plagi hausamehe ukikazwa kupita kiasi. Kila kitu alikiweka bila kukigonganisha na kingine. Mama alimtazama kazi yote.

"Unafanana naye ukiwa umeinama," alisema kwa kunong'ona. "Ukisimama hufanani."

"Nikisimama naumwa mgongo, Mama."

"Naye angeumwa, kama angefika umri wako."

Mwalimu alilala kwa saa mbili na nusu. Alipoamka hakujua yuko wapi, kisha akajua, na akaomba radhi mara nne. Tochi alimwekea ile valvu kiganjani. Aliiangalia, ndogo kuliko alivyodhani, akaitia kwenye pochi. Kisha akawasha gari. Lilitulia. Halikuwa tena gari la mtu yeyote hasa. Lilikuwa gari zuri tu.

"Shemeji," Tochi alisema dirishani, "Alhamisi nitakuja mimi."

"Kuja wapi?"

"Kumpeleka."

Mwalimu alimwangalia. "Mashine inaanza saa saba na nusu," alisema. "Usichelewe, wanampa mtu mwingine nafasi."

*

Wiki tano zilipita. Gari halikuzimika hata mara moja, na Tochi alipozichomoa plagi kuzikagua alikuta ncha zina rangi ya kahawia hafifu, kavu, safi, rangi ambayo fundi akiiona huzirudisha mahali pake na kufunga boneti. Kila Alhamisi Mwalimu alibaki nyumbani. Alisema angetumia muda huo kusahihisha madaftari. Mama akatoboa siri kwamba anaulala wote.

Lakini ile Alhamisi ya kwanza, Tochi alifika mapema mno. Alimwingiza Mama kwa mkono, wakapita korido ndefu yenye harufu ya dawa, akamsaidia kulala kwenye kitanda kando ya mashine. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye macho yaliyochoka kama ya Tochi mwenyewe, alikuja na daftari.

"Mkwe wake yuko wapi leo?"

"Amepumzika."

"Na wewe ni nani?"

"Mwanawe."

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye daftari, akamtazama kuanzia kwenye kucha zake nyeusi hadi kichwani. "Sijawahi kukuona."

"Ni kweli," Tochi alisema. "Hujawahi."

Mama aliangalia dari, akisubiri ugomvi uanze. Haukuanza. Muuguzi aliandika kitu, akafunga daftari, akamwonyesha kiti cha plastiki kando ya kitanda.

"Kaa basi. Itachukua saa nne."

Tochi akakaa.